Shamba Lililolazwa

Safu ya tano ya fomu ilikuwa na visanduku viwili: "linatumika" na "halitumiki". Nilikuwa nimekodiwa kwa wiki tatu kutafsiri na kuandika majibu katika kazi ya kupima mashamba kwenye vilima vya Mbinga, mkoani Ruvuma. Mzee aliyetupokea alituonyesha kwanza mteremko wa mahindi yaliyokauka, yakingoja kuvunwa. Nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Mteremko wa pili ulikuwa majani matupu, yamefika kiunoni. Nikatia alama kwenye kisanduku cha pili, na mahali pa maelezo nikaandika neno moja: pori.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma.

"Pori la nani hilo?"

"Niwie radhi, mzee. Nimeona hapajalimwa."

"Hapajalimwa mwaka huu. Hapo nimepalaza, mwanangu. Si pori."

Fomu haikuwa na kisanduku cha kulaza. Nililifuta neno "pori", nikaiacha ile alama ya "halitumiki" ilipokuwa, tukaenda kwenye shamba lililofuata. Miaka imepita na alama ile bado inanisumbua, kwa sababu kazi yangu ni maneno, na siku ile mwenye shamba ndiye aliyelijua neno.

Vitazame vitenzi viwili, kulala na kulaza. Kilicholala kimelala chenyewe. Kilicholazwa kina mlazaji. Mama hulaza mtoto, daktari hulaza mgonjwa, na mzee yule alilaza shamba. Tofauti ni sauti moja tu, lakini ndani ya sauti hiyo yumo mtu: aliyehesabu misimu, aliyeamua, atakayerudi na jembe. Sasa litazame neno la fomu. "Tumika" ni kauli ya kutendeka, ndugu yake vunjika, mwagika na sahaulika. Ukisema kikombe kimevunjika, humtaji aliyekivunja. Ndiyo kazi ya kauli hiyo, kumweka mtenda nje ya sentensi. Kwa kikombe hakuna hasara kubwa. Lakini "ardhi isiyotumika" ni ardhi ambayo sarufi imekwisha kumtoa mwenyewe kabla karani hajafika na kalamu yake.

Wala Kiswahili si fukara wa maneno ya shamba. Tunafyeka, tunang'oa visiki, tunalima, tunatifua, tunapanda, tunapalilia, tunaamia ndege, tunavuna, tunapukuchua, tunapeta. Mpunga tunaukata shambani, mchele tunaupima dukani, wali tunaupakua sahanini. Kila hatua yenye jasho ina jina lake. Lakini niulizapo jina la mwaka ambao shamba linapumzika, napewa sentensi: ardhi iliyoachwa irudishe rutuba, shamba tulilolipumzisha. Majina ya mkato tuliyo nayo yanatazama majani, hayamtazami mtu: pori, kichaka, nyika. "Mahame" linamtaja mtu, lakini linamtaja akiwa ameshaondoka.

Turudi Mbinga, kwa sababu kule ndiko nilikojifunza kwamba kulaza shamba ni kazi kamili. Wamatengo wana kilimo chao cha mashimo kiitwacho ngoro. Mvua zinapokaribia mwisho, majani ya shamba lililolazwa hufyekwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unafanana na wavu ulioanikwa. Hiyo kwa desturi ni kazi ya wanaume. Ndipo wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila tundu la wavu na kuyafunika majani yale. Kinachobaki ni mashimo mamia kwa mamia yaliyozungukwa na matuta, na ndani ya kila tuta majani yanaoza polepole. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata huja mahindi. Mvua kubwa inapoteremka, kila shimo hupokea maji yake na kuukamata udongo uliokuwa ukikimbilia mtoni. Magugu yanayopaliliwa hutupwa humo humo.

Sasa jiulize majani yale yametoka wapi. Yametoka katika mwaka wa kulazwa. Bila majani marefu hadi kiunoni hakuna kitu cha kupanga, hakuna tuta lenye mbolea ndani yake, hakuna ngoro. Mteremko ule nilioutilia alama ya "halitumiki" ulikuwa unaotesha malighafi. Mzee alikuwa anavuna majani kama anavyovuna mahindi, ila mavuno yake yalihitaji subira, na fomu yangu haikujua kuhesabu subira.

Neno lenyewe la kulima ni la kale mno. Wanaisimu wanalirudisha hadi Kibantu asilia, lugha ya watu walioanza kutoka mpakani mwa Kamerun na Nigeria ya leo miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Muda si karne moja wala mbili, watu wakahamia watu, lugha zikazaa lugha, na neno likaenda nao: Waganda wanalima, Wabemba wanalima, Wazulu wanalima, Wakikuyu na Washona wanarima. Mazao nayo yana majina yanayokumbuka safari. Mhindi ulizaliwa kusini mwa Meksiko miaka ipatayo 9,000 iliyopita, lakini Waswahili waliupokea kutoka baharini wakauita kwa jina la India; huko Malawi wakaita zao hilo chimanga, na ndani yake sikio la pwani linasikia Manga, jina letu la zamani la Uarabuni. Kila mmoja alilipa zao jina la upande lilikotokea machoni pake.

Lakini neno ninalolipenda zaidi katika familia hii liko kaskazini mwa Zambia. Wabemba wana kilimo wanachokiita chitemene, na mzizi wake ni kutema, kitenzi kile kile cha Mswahili anayetema kuni. Mwanaume hukwea mti na kukata matawi, shina akaliacha lisimame. Matawi ya eneo pana hukusanywa na kurundikwa katika eneo dogo, yakachomwa kabla mvua hazijaanza, na ulezi ukapandwa kwenye majivu. Baadaye huja karanga, maharage, mihogo. Udongo ukichoka, shamba huachwa, na miti huchipua tena kwa miaka ishirini au zaidi kabla ya kutemwa upya. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wabemba, alikieleza kilimo hiki kwa kina katika kitabu cha 1939. Maofisa wa kikoloni waliotazama matawi yaliyokatwa waliona uharibifu wa msitu. Hawakuona kwamba shina liliachwa kwa makusudi.

Na hapa istilahi inaingia na kisu chake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linapohesabu ardhi inayolimika katika kila nchi, linajumuisha ardhi iliyopumzishwa kwa muda usiofika miaka mitano. Ardhi inayoachwa katika kilimo cha kuhamahama haihesabiwi, inaitwa iliyotelekezwa. Naelewa kwamba takwimu zinahitaji mpaka mahali fulani. Lakini Mbemba anayesubiri mti uchipue kwa miaka ishirini hajatelekeza kitu. Amepewa jina la mtu aliyeondoka, naye yupo kijijini, anajua ni shina lipi litakuwa tayari lini.

Kwa nini maneno yetu yanahesabu jembe na kusahau pumziko? Nadhani jibu limo katika vipimo. Neno ekari tumelichukua kwa Waingereza. Kwao, kabla halijawa kipimo, lilikuwa na maana ya shamba tu, kisha likawa eneo ambalo jozi ya maksai inaweza kulilima kwa siku moja. Warumi walikuwa na jugerum, kutokana na neno la nira, eneo la siku moja la ng'ombe wawili. Wajerumani walipima kwa Morgen, yaani asubuhi: kiasi cha kulima kabla jua halijawa kali, na kipimo hicho kilisafiri na Waholanzi hadi Afrika Kusini. Wamisri mpaka leo wanapima kwa feddan, mita za mraba 4,200, na asili ya neno hilo ni nira ya ng'ombe pia.

Nasi tuna ngwe. Hili ni neno la kulishika kwa mikono miwili. Ngwe ni kamba nyembamba. Kisha ni kipande cha shamba alichopimiwa mtu kwa kamba hiyo ili akilime. Kila mlimaji na ngwe yake, na aliyeimaliza amemaliza. Leo gazeti linaandika kwamba kiongozi fulani ameingia ngwe ya pili, na mtangazaji wa mpira anasema ligi imefika ngwe ya lala salama, na pengine hakuna anayekumbuka kwamba neno limetoka kwenye mgongo ulioinama juani.

Kumbe watu wengi duniani, kabla ya mnyororo wa mpima ardhi, walipima shamba kwa mwili: wa ng'ombe, au wa mtu. Kuna haki ndani ya kipimo hicho, na ninakiheshimu. Lakini kina upofu mmoja. Ukipima ardhi kwa siku za kulima, basi ardhi isiyolimwa leo inapimwa kwa sifuri.

Upofu huo ulikomaa Ulaya. Katika vijiji vingi vya England ya zama za kati, mashamba yaligawanywa mafungu matatu: moja la nafaka ya vuli, moja la shayiri na jamii ya kunde, moja likipumzika. Neno lao la pumziko hilo, "fallow", mwanzoni lilikuwa jina la ardhi iliyopitishwa plau. Waliilima bila kuipanda, ili kuua magugu, na mifugo ikalishwa humo ikiacha samadi. Pumziko lilikuwa na jina, na ndani ya jina mlikuwa na kazi. Wayahudi nao wana shmita, mwaka wa saba wa kuiachilia ardhi, ulioamriwa katika Mambo ya Walawi. Kisha katika karne ya 18 wakulima wa Norfolk, England, wakaeneza mzunguko wa ngano, tanipu, shayiri na klova. Tanipu ikalisha mifugo wakati wa baridi, klova ikarudisha naitrojeni udongoni, na mwaka wa pumziko ukafutika. Yalikuwa maendeleo ya kweli, na yalilisha miji iliyokuwa ikikua.

Lakini pembeni ya mashamba hayo kulikuwa na ardhi nyingine: ya malisho, ya kuni, ya kukata majani ya kuezekea. Wanakijiji walikuwa na haki nayo. Kwa Kiingereza iliitwa "waste", neno ambalo leo ni upotevu na takataka. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa John Locke alilijengea neno hilo hoja: ardhi iliyoachiwa maumbile tu, bila kulimwa, ni upotevu, na mfano wake mkubwa ulikuwa ardhi ya wenyeji wa Amerika. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi za pamoja, ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England. Ni rahisi kukizungushia ua kitu ambacho jina lake limekwisha kukiita bure.

Neno likapanda meli. Tarehe 26 Novemba 1895, amri ya Kaizari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, isipokuwa pale mtu alipothibitisha umiliki wake, ni herrenlos. Livunje neno hilo utaona limetengenezwa kwa "bwana" na "pasipo": ardhi isiyo na bwana. Na isiyo na bwana ilipewa bwana mmoja, Taji. Sijui neno lingine ambalo lilifanya kazi kubwa kiasi hicho kwa silabi tatu.

Upande wa Kenya, sheria ya ardhi ya Taji ya 1902 ilikuwa na kipengele ambacho kila mpenda maneno angepaswa kukisoma polepole. Ardhi iliyokuwa ikikaliwa na wenyeji ndani ya eneo alilokodishwa mzungu ilihesabiwa kuwa nje ya ukodishaji, lakini kwa muda wote tu walipokuwa wakiikalia hasa. Wakiondoka, inakwenda kwa aliyekodishwa. Fikiria maana yake kwa mkulima anayelaza shamba. Kila pumziko ni kuaga.

Na ilitokea katika wakati mbaya kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 nchi ya Wakikuyu ilipigwa na ukame, nzige, tauni ya ng'ombe na ndui. Watu walikufa, wengine wakarudi kwa ndugu zao kaskazini. Walowezi walipofika waliona vichaka, wakaandika utupu. Wakikuyu walikuwa na neno lao kwa ardhi hiyo: githaka, miliki ya mbari, yaani ukoo, iliyolimwa na isiyolimwa pamoja. Shamba linalolimwa lina jina jingine, mugunda. Jomo Kenyatta alitumia kurasa nyingi za kitabu chake cha 1938 kulieleza jambo hili. Mswahili akilisikia githaka anasikia kichaka kwa mbali, na hapo ndipo uzuri ulipo: neno lililo karibu na kichaka, lenye mwenyewe ndani yake. Karani wa 1902 alikuwa na tafsiri ya mugunda. Githaka hakuwa na kisanduku chake.

Ningependa kusema kwamba huku Tanzania, tulipojitawala, tulilitatua tatizo hili. Tulilisogeza. Hata kabla ya uhuru, katika makala yake ya 1958 kuhusu mali ya taifa, Mwalimu Nyerere alisema kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Mtu anayefyeka na kulima anamiliki kile alichoongeza kwa jasho lake, hamiliki ardhi yenyewe. Ni hoja ya heshima, na iliwakinga wengi wasiuziwe nchi yao wenyewe. Lakini jasho ndilo kipimo tena. Ikaja Operesheni Vijiji, ambayo ilitaka kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Familia zilihama, mashamba ya kale yakabaki mahame, na wengine baadaye wakayadai mahakamani. Sheria ya 1992 ikafuta haki zao za kimila. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Akonaay juu ya sheria hiyo, ilisema haki za kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba hata pasipo maendelezo yanayoonekana, mtu aliyetia jitihada katika ardhi anastahili fidia ya haki. Nilipoisoma hukumu hiyo nilisimama kwenye neno jitihada. Ni pana kuliko jasho. Mtu anaweza kutia jitihada kwa kujizuia.

Halafu 1999. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mbili pamoja. Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, katika kifungu cha 7, inapotaja ni matumizi gani yanayoifanya ardhi kuwa ya kijiji, inataja pia ardhi iliyopumzishwa, pamoja na malisho na njia za kupitisha mifugo. Kwa sheria moja mteremko wa mzee wangu unaweza kusomwa kama usiotumika. Kwa sheria ya pili, kulazwa kwake ni kutumika. Mawakili wamebishana sana juu ya jambo hili na wataendelea. Mimi nabaki na upande wangu: sheria ya pili inasema kweli, lakini inaisema kwa sentensi ndefu, na ya kwanza ina neno fupi. Mezani kwa karani, neno fupi huwahi.

Ndiyo maana nataka jina. Nimewahi kufikiria "pumziko", lakini linanukia likizo. "Mahame" nimekwisha kulikataa. Nalirudia lile la mzee na kulipa umbo: mlazo. Limejengwa kama mchezo na mkazo, na kitenzi chake kina mtenda. Wachapaji wamelitangulia, wana herufi za mlazo, lakini neno likiwa zuri hubeba mizigo miwili, kama ngwe ilivyobeba shamba na siasa. Tungesema: ekari mbili za mahindi, moja ya maharage, tatu mlazo. Katika fomu kingekuwa kisanduku cha tatu, na chini yake mstari mdogo: tangu mwaka gani, na nani.

Nilipita tena Mbinga msimu wa maharage, kwa shughuli nyingine. Mteremko niliouita pori ulikuwa ngoro kutoka juu hadi bondeni, mashimo yake yamejaa maji ya usiku, maharage yameanza kutoa maua. Ule wa mahindi, uliotiwa alama ya "linatumika", majani yalikuwa yanaota.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akaona ninakotazama. "Huo nao sasa nimeulaza."